Miaka tisa Berlin: mjusi wetu, kura zao, na safari ya kwenda kuona meli ya Liemba ilikoundwa

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kila nikiingia humu nakuta maswali yale yale kuhusu Ulaya: mshahara kiasi gani, baridi ikoje, viza inapatikanaje. Ni maswali ya halali, na wapo waliokwisha kuyajibu vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kuandika lingine. Naishi Berlin, huu mwaka wa tisa, kazi yangu ni uuguzi wa wazee. Nina mke na binti wa miaka saba. Nyumbani ni Lindi, na huko Lindi ndiko yalikoanzia yote haya nitakayoandika.

Mgeni akifika Ujerumani, siku inayomshinda ni Jumapili. Maduka hayafunguliwi, kwa sheria. Kelele haziruhusiwi. Wiki yangu ya pili nilichukua nyundo nikapigilia msumari wa kutundikia picha, dakika haikupita mzee wa ghorofa ya chini akabisha hodi. Hakugomba. Alininyooshea kidole kwenye kalenda iliyokuwa ukutani, akaweka kiganja sikioni kama mtu aliyelala, akashuka zake. Kwetu Jumapili ndiyo siku ya watu kutembeleana, muziki unasikika nyumba ya tatu. Huku mtaa mzima unakuwa kama kuna mgonjwa mahututi ndani. Ilinichukua miaka kuipenda hiyo Jumapili, lakini sasa naipenda kweli. Ndiyo siku pekee ambayo bosi hawezi kukupigia simu na hakuna anayekuona mvivu ukikaa.

Basi Jumapili moja ya Novemba, saa kumi jioni na giza limeshaingia, nilikuwa natembea tu. Nikaingia makumbusho ya viumbe asilia pale Invalidenstraße kwa sababu mlangoni nilihisi joto. Ukumbi wa kwanza kabisa, akanisimamia mjusi, yaani mifupa ya dinosaria iliyounganishwa akawa mzima. Urefu wake mita 13.27 toka sakafuni hadi utosini. Shingo inapanda mpaka unaumwa na yako. Nikasoma kibao: Tendaguru.

Wakuu, Tendaguru iko Mipingo. Ni kwetu. Mtu wa Lindi anaijua habari ya mifupa ya mjusi tangu akiwa mtoto, lakini kuisikia ni kitu kimoja na kusimama chini yake ni kitu kingine. Babu yangu wa upande wa mama alikuwa akisema wazee wake walibeba "mawe yaliyokuwa mifupa". Sisi watoto tulidhani ni hadithi za kututuliza tulale. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913. Walioshika majembe ni watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa mizigo, ikabebwa kwa miguu, kichwani na mabegani, siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipanda meli. Na hebu tazameni hiyo miaka: vita vya Maji Maji vimeisha 1907, Kusini yote imechomwa mashamba, watu wametoka kwenye njaa. Hao ndio waliobeba.

Pembeni yangu mama mmoja wa Kijerumani alikuwa amemnyanyua mwanawe aone kichwa cha mjusi. Mtoto anacheka kwa furaha. Mimi machozi yananilenga. Sikuwa na hasira na yule mtoto hata kidogo. Nilitaka tu nimwambie mama yake, huyu ametoka kwetu, na walioitoa hii mifupa ardhini walikuwa na majina.

Naingia zamu, nitaendelea.

Mdau wa Mtwara

Mkuu umenigusa. Wabunge wetu wa Kusini wamelisemea hili la mjusi bungeni miaka nenda rudi. Arudishwe au asirudishwe, wewe unaonaje?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mtwara, rai yangu ni hii: mmiliki atajwe kwanza. Mifupa ile ni dhaifu, kuihamisha si kazi ya kitoto. Lakini kila anayelipa kiingilio kumwona ajue ni wa Lindi, na Lindi ipate chake: makumbusho ya maana, vijana wetu wasomeshwe hiyo elimu ya visukuku, barabara ya kufika Tendaguru ipitike masika. Hapo tunaweza kukaa mezani tukazungumza habari ya kumrudisha.

Tangu siku ile nikawa na tabia. Kila nikipata nafasi natafuta vitu vyetu vilivyoko mji huu, na ni vingi mno. Ukipanda treni ya chini ya ardhi mstari wa U6, ukashuka Afrikanische Straße kule Wedding, utatembea mitaa inayoitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße. Mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, nikapiga picha nikawatumia jamaa Tanga. Baadaye ndipo nikajua kwa nini majina hayo yako pale: yalikuwa ya kusherehekea makoloni. Na katikati ya mitaa hiyo kulikuwa na barabara yenye jina la Carl Peters. Wazee wa kwetu walimwita Mkono wa Damu. Ndiye yule aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwisho wa 1884 akiwawekesha machifu alama kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mkutano wa kuigawa Afrika ulifungwa hapa Berlin tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaisari akampa hati ya ulinzi wa nchi hizo. Jumba la mkutano halipo tena. Pale Wilhelmstraße kuna kibao tu na majengo ya kawaida, watu wanapita na mifuko ya manunuzi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo hasa sababu ya uzi huu. Jina la Peters limetoka. Agosti 2024 barabara ile ilikatwa majina mawili: kipande kimoja Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959, na kipande kingine Maji-Maji-Allee. Maji Maji, jina letu, kwenye nguzo ya mtaa wa Berlin! Na halikubandikwa na rais wala chansela. Lilipiganiwa na wakazi, Wajerumani weusi na marafiki zao, kwenye vikao vya baraza la wilaya, miaka na miaka. Mmoja wao ni mzee wetu Mnyaka Sururu Mboro, mwalimu kutoka Kilimanjaro, aliyekuja Ujerumani miaka ya 1970 akiwa amemwahidi bibi yake kwamba atakitafuta kichwa cha Mangi Meli, chifu wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Baraza lilipitisha 2018, kisha baadhi ya wakazi wakaenda mahakamani. Hoja yao kubwa ilikuwa usumbufu: kubadili anwani kwenye vitambulisho, kwenye leseni, kwenye barua. Miaka sita ya kesi kwa ajili ya kibao. Mwanzoni niliona ni upuuzi mtupu. Siku hizi nauheshimu ule ucheleweshaji, kwa sababu waliopinga walisikilizwa mpaka neno la mwisho, wakashindwa kwa sheria, na hakuna anayeweza kusema aliburuzwa.

Mdau wa Songea

Mkuu mimi niko Songea. Rais wao Steinmeier alikuja hapa Novemba 2023, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu wa Kingoni katika Maji Maji, akaomba msamaha mbele yetu. Tulikuwepo. Swali langu moja tu: huko kwao mwananchi wa kawaida anajua kuna kitu kama hicho kilitokea?

Mleta uzi

Kaka, nikujibu kwa niliyoyaona. Siku ile rais wao yuko kwenu, mimi nilikuwa kazini. Kwenye chumba cha chai niliwatajia Maji Maji. Wenzangu wa Kijerumani tulikuwa nao sita. Watano hawakuwahi kusikia. Wa sita alikuwa amesikia, na unajua kwa nini? Anakaa Wedding, alisoma kwenye gazeti la mtaani ugomvi wa jina la barabara. Watu wanaokadiriwa kufika 300,000 walikufa, wengi kwa njaa, na aliyeisikia habari hiyo aliisikia kwa sababu ya kibao. Ndiyo maana nasema vibao si jambo dogo.

Na kuna la mafuvu, ambalo wewe wa Songea unalijua kwa uchungu kuliko mimi. Hapa Berlin kuna mkusanyiko wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa Afrika Mashariki enzi hizo, mengi ya Rwanda, mengine ya kwetu na machache ya Kenya. Yalichunguzwa asili yake, na Septemba 2023 wakatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa walio hai Tanzania, mmojawapo wa ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fikiria mtu yuko shambani Kilimanjaro anaambiwa babu wa baba yake yuko kwenye sanduku Berlin. Kila ninapopita karibu na majengo yale nanyamaza kidogo.

Mdau wa Nairobi

Asante kwa uzi, ndugu. Tuambie siasa sasa. Tunasikia hiko chama cha kufukuza wageni kinapanda. Wewe na familia hamuogopi?

Mleta uzi

Swali zuri, na nitalijibu bila kuficha.

Uchaguzi wa Bunge wa tarehe 23 Februari 2025 mimi sikupiga kura, si raia. Lakini sheria yao inaruhusu mtu yeyote kuingia kituoni kutazama kura zikihesabiwa. Nilimchukua binti yangu, tukaenda shule ya jirani. Saa kumi na mbili jioni juu ya alama vituo vinafungwa nchi nzima. Darasa la watoto, viti vifupi, michoro ya vipepeo ukutani. Watu wazima wanane, majirani tu, wamekunja mikono ya sweta. Wakapindua sanduku mezani, karatasi zikamwagika. Kila karatasi ina safu mbili: kushoto kwa wino mweusi unachagua mbunge wa jimbo, kulia kwa wino wa bluu unachagua chama. Wakaanza kupanga mafungu. Mmoja anasoma, wa pili anaangalia, wa tatu anaandika. Hakuna askari mwenye bunduki. Hakuna wakala anayepiga kelele. Fungu mojawapo likawa linapanda nami nalitazama, na binti yangu akauliza, "Baba, hao ni wale wasiotutaka?" Aliuliza kwa Kiswahili, nikashukuru.

Matokeo mnayajua. Walijitokeza asilimia 82.5, haijawahi kutokea tangu nchi iungane. Chama cha CDU na wenzao wa Bavaria wakaongoza kwa asilimia 28.5, AfD, ndicho hicho chama ulichokiuliza, wakafuata na 20.8. Kuna chama kilipata asilimia 4.98, na kizingiti cha kuingia bungeni ni 5. Kura zisizofika 10,000 kwa nchi nzima zikakiacha nje. Kikatoka bungeni, kikadai hesabu irudiwe kwa njia za kisheria. Kisha tarehe 6 Mei Merz, kiongozi wa CDU, akaenda bungeni kuchaguliwa kuwa chansela na raundi ya kwanza akaanguka: alihitaji kura 316, akapata 310. Watu wa muungano wake wenyewe walimnyima, kwa siri ya karatasi. Mchana wakarudia, akapita. Nilikuwa naangalia na wazee wangu pale kazini, chumba kimya kama msibani.

Kuogopa? Nikuambie kisa kimoja. Mzee mmoja ninayemhudumia, ana miaka themanini na kitu, kila asubuhi namvisha soksi za kubana miguu. Ni kazi ya nguvu, unapiga goti, unazivuta taratibu zisimkate ngozi. Asubuhi moja akaniambia wazi kwamba atakipigia kile chama. Nikamuuliza, na mimi nitakwenda wapi? Akashangaa kweli kweli. Akasema, "Wewe hawakusemi wewe. Wewe ni wetu." Nikamwambia, mzee, kwenye karatasi ya kura hakuna mahali pa kuandika "isipokuwa huyu". Akakaa kimya, nikamaliza mguu wa pili. Alivyopiga mwishowe sijui, na si haki yangu kujua. Lakini tangu siku hiyo ananiuliza habari za Lindi. Anajua korosho inavunwaje.

Kwa hiyo hofu ipo. Mke wangu hapandi treni ya usiku kwenda miji fulani ya mashariki peke yake. Lakini kabla tu ya uchaguzi, tarehe 2 Februari, polisi walihesabu watu 160,000 hapa Berlin waliotoka kuandamana kwenye baridi kupinga vyama kushirikiana na AfD. Nilikuwa katikati yao, na nilikuwa na amani.

Kuhusu uraia, maana naona wawili wameuliza: tangu 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, na miaka ya kukaa imepungua kutoka minane hadi mitano. Mkenya anaweza kuchukua na kubaki na wa kwao. Sisi Watanzania bado sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Fomu nimeshajaza. Iko kwenye droo. Nikiipeleka nakuwa na kura hapa, nampunguzia binti yangu maswali mpakani, na siku hiyo hiyo nakuwa mgeni kwenye kaburi la mama yangu. Sijaipeleka.

Dada wa Hamburg

Kaka yangu hiyo droo na mimi ninayo. Hebu tupe la safari, uliahidi Liemba kwenye kichwa cha habari.

Mleta uzi

Kweli dada, deni ni deni.

Kuna tikiti ya mwezi ambayo unapanda nayo mabasi na treni zote za mikoani nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikafika 63. Treni za haraka hairuhusu. Kwa mwenye familia na mshahara wa uuguzi, hiyo ndiyo inayokuonyesha nchi, kwa sababu inasimama kila stesheni. Unaona nyuma ya nyumba za watu, kamba za nguo, bustani za viazi.

Mke wangu ni wa Kigoma. Akiwa msichana aliipanda Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, hadi Mpulungu kule Zambia, amelala sitahani juu ya magunia ya dagaa. Alipojua meli ile iliundwa Papenburg, kaskazini-magharibi huku karibu na Uholanzi, akasema lazima tufike. Tukatoka Berlin alfajiri na chupa ya chai na maandazi: Magdeburg, Braunschweig, Hannover, Bremen, Leer, kisha Papenburg. Siku nzima ilikatika njiani, tulikosa treni moja ya kuunganisha tukakaa kwenye benchi saa nzima, na mama mmoja wa Kijerumani akatumegea keki yake ya tufaha tukampa maandazi.

Papenburg ni mji wa mifereji, nyumba za matofali mekundu, maji yametulia kama kwenye sinia. Mwaka 1913 waliiunda meli pale, wakaifungua vipande, wakaviweka kwenye masanduku 5,000 hivi. Meli hadi Dar es Salaam, reli hadi Kigoma, na 1915 ikashushwa ziwani ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui, lakini mafundi wakapaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mke wangu alikaa ukingoni mwa mfereji, akavua viatu. Akaniambia, "Baba watoto, huyu fundi aliyepaka grisi alikuwa anaipenda kazi yake." Kisha akanyamaza, halafu akasema, "Na waliobeba yale masanduku je, nani kawaandika?" Sikuwa na jibu. Ni swali lile lile la mjusi.

Nimalizie na mmoja aliyeandikwa. Kabla yetu Waswahili walishaishi mji huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja 1900 kufundisha Kiswahili chuoni. Akaoa Mjerumani. Alipotaka kurudi nyumbani na mkewe 1905, wakoloni hawakuwaruhusu kushuka Dar es Salaam pamoja, akarudi Ujerumani, akafia Berlin 1927. Baada yake akaja Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, aliyekuwa askari akiwa bado mtoto. Alifika 1929 kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, hawakumlipa. Akawa mhudumu wa mezani, akacheza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Mbele ya Brunnenstraße 193 kuna jiwe dogo la shaba, sentimita kumi kwa kumi, limezamishwa njiani kati ya mawe mengine. Jina lake liko pale. Mawe ya namna hiyo yako zaidi ya 100,000 Ulaya nzima, kila moja mbele ya nyumba ya aliyechukuliwa na Wanazi. Shaba ikikaa inakuwa nyeusi, viatu vinapita juu, jina linafifia. Binti yangu na mimi huwa tunakwenda kulisugua. Yeye anapiga magoti, anazungusha kitambaa kwenye herufi, na anamsoma kwa lafudhi yetu, "Huseni", na "i" ya mwisho.

Dada wa Hamburg

Nitakuja Berlin Jumamosi ya wiki ijayo. Nielekeze.

Mleta uzi

Karibu sana dada. Toka stesheni kuu, njoo hadi Rosenthaler Platz, pandisha kidogo na Brunnenstraße. Tukutane saa nne asubuhi. Dawa ya kung'arishia shaba ninayo, wewe njoo na kitambaa cha pamba, kisiwe kipya, kipya kinaacha nyuzi. Mke wangu atapika wali wa nazi.